Huna bima na unaishi Dar: namna ya kutibiwa bila kuuza cherehani

Mwanangu wa pili alikuwa na miaka minne alipopandwa na homa saa tatu usiku. Tunaishi Buguruni. Baba yake alimbeba tukatoka mbio hadi barabarani, na hospitali ya kwanza tuliyoiona inawaka taa ndiyo tuliyoingia. Ilikuwa ya binafsi. Wakapima damu, mkojo, choo na taifodi, wakamtundikia dripu, wakatuandikia dawa za aina tano. Asubuhi tukatoka na bili ya laki moja na themanini, na pesa ile ilikuwa ya vitambaa vya sare za wateja wangu. Jirani yetu, muuguzi mstaafu, alipoyaona yale makaratasi alitikisa kichwa. Mtoto alikuwa na malaria ya kawaida. Yuko chini ya miaka mitano. Zahanati ya serikali angetibiwa bure.

Yaliyomo humu nimeyakusanya tangu usiku ule, mengine kwa kuuliza, mengine kwa kuungua. Yanamhusu mtu wa Dar es Salaam asiye na kadi ya bima yoyote: mama lishe, dereva wa bajaji, fundi, kibarua wa saiti. Tuko wengi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipokuwa inajadiliwa mwaka 2023, takwimu za serikali zilionyesha wenye bima nchini ni takribani asilimia 15 tu. Sisi wengine tunalipa taslimu, utaratibu wa kuchangia ulioanza mwaka 1993. Taslimu ina ubaya wake: ukikosea mlango wa kuingilia, unalipia kosa hilo papo hapo.

Hatua ya kwanza: jua usichotakiwa kulipia

Sera ya afya ya Tanzania ina makundi ya msamaha, na mengi watu hawayajui mpaka wameshalipa. Wajawazito na watoto chini ya miaka mitano wanahudumiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wamo pia. Chanjo ni bure, uzazi wa mpango ni bure. Kifua kikuu, VVU na ukoma vinatibiwa bure, vipimo na dawa. Wizara imeshatamka kwamba kipimo cha haraka cha malaria na dawa mseto havilipiwi kwenye vituo vya umma.

Sasa niseme ukweli wa mtaani. Bure ya kwenye sera na bure ya dirishani si ndugu wa tumbo moja. Mama anayekwenda kujifungua ataambiwa aje na glovu, pamba, beseni na kanga zake, na siku dawa ikiwa imeisha utaandikiwa ukanunue nje. Hilo lipange mapema, tangu mimba ina miezi minne au mitano, kwa kununua kitu kimoja kimoja. Lakini ukidaiwa pesa ya kumwona daktari kwa mtoto wa miaka mitatu, usilipe kimya kimya. Uliza kwa upole: "Samahani sista, huyu yuko chini ya miaka mitano, hii ni ya nini?" Mara nyingi swali hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, muulizie mganga mfawidhi wa kituo. Na anayekuomba pesa ya chai ili akuhudumie, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.

Hatua ya pili: tengeneza bahasha kabla hujaugua

Asiye na kadi anajitambulisha kwa makaratasi. Nyumbani kwetu kuna bahasha moja ya kaki, inakaa juu ya kabati, kila mtu anaijua. Ndani yake mna namba za NIDA za watu wazima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi zao za kliniki, na daftari la kila mmoja. Daftari usilidharau. Daktari wa leo akisoma ulipimwa nini mwezi uliopita na ukapewa dawa gani, hatarudia kipimo kilekile. Karatasi za majibu zipige picha kwa simu, maana zile za mashine zinafutika wino baada ya miezi michache.

Kingine kinachosaidia ni kufahamika serikali ya mtaa. Nilikuwa nadhani ofisi ile ni ya migogoro ya viwanja. Siku utakapohitaji barua inayosema huna uwezo wa kulipa, mwenyekiti na mtendaji watauliza: huyu ni nani, anakaa kwa nani, tangu lini? Kwa mpangaji anayehama kila mwaka swali hilo ni gumu. Ukihamia mtaa mpya nenda kajiandikishe wiki ya kwanza, ukiwa mzima, huna shida na mtu. Kama kaya yako inapokea ruzuku ya TASAF, kopi ya utambulisho wake iingie kwenye bahasha, kwa kuwa umeshathibitishwa hali yako na chombo cha serikali.

Hatua ya tatu: panda ngazi, usirukie paa

Matibabu ya serikali yamepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, halafu hospitali za taifa na taasisi maalumu. Kwa Dar, rufaa za mkoa ni Amana, Temeke na Mwananyamala. Juu yake kuna Muhimbili, ya Upanga na ya Mloganzila, pamoja na taasisi kama MOI ya mifupa, Jakaya Kikwete ya moyo na Ocean Road ya saratani.

Watu wa mjini tuna tabia ya kwenda moja kwa moja Muhimbili kwa sababu "ndiko kwenye madaktari." Kwa asiye na bima hilo ni kosa la gharama. Kila ngazi unayopanda, bei ya kumwona daktari na ya vipimo inapanda nawe, na ukienda bila barua ya rufaa unaweza kuambiwa urudi ulikotoka au ulipe kwa utaratibu wa watu binafsi. Homa, kuhara, kikohozi, kidonda, vipele, maumivu ya mkojo: anzia zahanati ya mtaa wako. Mimba, mshono, kipimo cha wingi wa damu: kituo cha afya kinatosha, na kingine kama Buguruni watu wa huku wanakijua vizuri. Wao wakishindwa, waombe barua ya rufaa iliyoandikwa vizuri, yenye majibu yaliyoambatanishwa. Barua hiyo ina thamani ya pesa.

Muda nao ni gharama. Fika saa moja asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi ukiweza. Jumatatu foleni ni ya wagonjwa wa siku tatu. Ukifika saa tano utaonwa saa nane, vipimo vitatoka jioni, na utarudi kesho kwa nauli nyingine.

Hatua ya nne: ukiwa mbele ya daktari

Hapa ndipo pesa inapoondokea, nami nitakaa hapa kidogo.

Mwenye bima anaandikiwa vipimo sita hajali, kuna mtu mwingine analipa. Wewe kila mstari kwenye karatasi ile ni unga wa nyumbani. Kwa hiyo sema mwanzoni, kabla hajaanza kuandika: "Daktari, sina bima, ninalipa taslimu. Naomba tuanze na kilicho cha lazima." Si aibu. Madaktari wengi ukiwaambia hivyo hubadilisha mpango: wanapunguza vipimo, au wanavipanga kwa zamu, hiki leo na kile homa isiposhuka baada ya siku mbili.

Swali la pili ndilo lililonisaidia kuliko yote: "Majibu ya kipimo hiki yakitoka, yatabadilisha dawa utakayonipa?" Kama jibu ni hapana, kipimo kinaweza kusubiri.

Halafu kuna jambo ambalo kila mkazi wa Dar analifahamu na tunalifanyia utani: ukiingia maabara ya uchochoroni, hutoki bila UTI na taifodi. Kile kipimo cha damu cha taifodi, Widal, kinaweza kusoma chanya kwa mtu aliyewahi kuugua zamani au mwenye homa nyingine kabisa. Wataalamu wanajua udhaifu wake, na bado kinauzwa kila kona kwa sababu ni rahisi na kina majibu ya kumridhisha mteja. Matokeo yake unanunua antibayotiki ya siku kumi kwa ugonjwa ambao huna, na malaria au nimonia yako inaendelea. Ukiwa na homa, kipimo cha kwanza ni cha malaria. Kikisema huna malaria, usiondoke ukameza dawa ya malaria "kwa usalama". Rudi kwa daktari atafute kinachosababisha.

Kabla hujatoka chumbani, omba akuandikie ugonjwa kwa maandishi yanayosomeka kwenye daftari lako, na akuambie dalili gani zikitokea urudi haraka. Malipo fanya kwa kontroo namba tu, na risiti weka kwenye bahasha. Pesa uliyompa mtu mkononi haina ushahidi.

Hatua ya tano: dawa

Anzia dirisha la dawa la kituo ulichotibiwa. Dawa ikiwa haipo utaandikiwa O/S, yaani imeisha. Hapo usivuke barabara na kuingia duka la kwanza linalotazama geti la hospitali. Tembea maduka mawili matatu, uliza bei kwa jina la dawa yenyewe, si kwa jina la kampuni. Amoksilini ni amoksilini. Inayotoka Ulaya kwenye boksi la kung'aa na ya kawaida iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa, zinafanya kazi moja, tofauti ya bei inaweza kuwa mara tatu au zaidi. Sema: "Naomba ya bei nafuu iliyosajiliwa." Mfamasia anakuelewa.

Mtaani kuna maduka ya aina mbili. Famasia ina mtaalamu na dawa zote. Duka la dawa muhimu, DLDM, limeruhusiwa orodha fupi zaidi. Kwa panadol na maji ya chumvi ya kuhara, DLDM linatosha kabisa. Dawa ya kwenye kigari au ndani ya basi usinunue, hata muuzaji awe na ulimi wa asali.

Mtego mkubwa wa sisi tusio na bima ni dozi nusu. Antibayotiki ya siku tano unanunua ya siku mbili kwa kuwa mfukoni una elfu tatu. Unapata nafuu, unaacha, wiki ijayo ugonjwa umerudi na safari hii dawa ileile haiushtui. Bora kununua dozi kamili ya dawa ya bei rahisi kuliko nusu ya ile ghali. Na kama dozi kamili haiwezekani, mwambie daktari kabla ya kuondoka, si muuza duka.

Presha na sukari zinahitaji neno lao. Mama yangu kwa miaka mitatu alimeza dawa ya presha siku ambazo kichwa kinauma tu, kwa kubana matumizi. Presha haiumi. Siku ilipouma alikuwa amepata kiharusi, na gharama za wiki mbili za kulazwa zingenunua dawa zake za miaka mingi. Dawa za msingi za magonjwa haya, kama amlodipini na metformini, ni za bei ya chini zikinunuliwa kwa jina lake. Uliza kituo cha karibu siku ya kliniki ya presha au sukari ni ipi, ujiandikishe huko: unapimwa, unaandikiwa ya mwezi, unajulikana. Dawa ya mwezi inunue siku ileile unayolipa kodi ya chumba, kabla pesa haijapata kazi nyingine.

Hatua ya sita: usiku wa dharura

Yako mambo ambayo hayasubiri ngazi wala asubuhi: mtu anapumua kwa shida, kifua kinabana kama kimefungwa kamba, mdomo umekwenda upande au mkono umelegea ghafla, degedege, kutoka damu kusikokoma, mjamzito anayetoka damu au kuumwa kichwa huku macho yanaona giza, mtoto asiyeweza kunyonya wala kuamka. Hao nenda nao hospitali ya karibu yenye idara ya dharura, ya serikali au ya binafsi, watulize hali kwanza. Muhimbili ina idara ya dharura tangu mwaka 2010, na hospitali za rufaa za mkoa zinafanya kazi usiku kucha.

Kwa mjamzito au kichanga, piga 115, ni bure: huo ni mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura. Kwa ushauri wa afya na malalamiko, kituo cha simu cha Wizara ni 199. Kwa wagonjwa wengine usitegemee sana gari la wagonjwa. Mtaani kwetu tumekubaliana na madereva wawili wa bajaji wanaolala jirani, namba zao zimebandikwa nyuma ya mlango, malipo kesho.

Hospitali ya binafsi ikikudai kianzio kikubwa mgonjwa akiwa ameshatulia, uliza makadirio ya siku tatu yaandikwe, kisha uamue kama unabaki au unaomba rufaa ya kwenda serikalini. Kuhama siku ya kwanza ni rahisi. Siku ya tano una deni linalokushikilia.

Hatua ya saba: bili ikikushinda

Kila hospitali kubwa ya serikali ina ofisi ya ustawi wa jamii. Wengi wanaipita mlangoni wakidhani ni ya mayatima na ndoa zilizovunjika. Hao ndio wanaochunguza hali ya mgonjwa na kupendekeza msamaha, wa sehemu au wote, au kulipa kwa mafungu. Kosa la kawaida ni kwenda siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafika milioni. Nenda siku ya kwanza ya kulazwa. Mwache mwenzako na mgonjwa, chukua bahasha, ingia: "Shikamoo mama. Tumelazwa wodi namba fulani. Hatuna bima, na kazi yangu ni hii. Tunaweza kulipa kiasi fulani, kilichobaki naomba mtusaidie." Taja kiasi halisi unachoweza. Anayesema "sina kitu kabisa" huku akipokea simu ya bei mbaya hasikilizwi, na haki yao.

Watakuuliza barua ya serikali ya mtaa, nani anakutegemea, unapanga au una nyumba, ndugu wako wapi. Jibu kwa kweli. Ukikubaliwa mafungu, andikishianeni tarehe, na fungu la kwanza lilipe hata likiwa dogo. Na msiba ukitokea, usikubali kuzungushwa juu ya mwili wa marehemu. Wizara imeshakataza miili kuzuiwa kwa sababu ya deni. Mnaingia makubaliano ya kulipa, mnaenda kuzika.

Hatua ya nane: huenda yuko mwingine anayepaswa kulipa

Hili hata mimi nilichelewa kulijua. Kibarua aliyevunjika mguu kazini huenda hana bima ya afya, lakini ana haki kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi senti. Ukiumia kazini, toa taarifa kwa mwajiri siku hiyohiyo, kwa ujumbe wa simu angalau ili tarehe ibaki, weka majina ya waliokuwepo, na usikubali kuandikwa hospitali kwamba uliteleza nyumbani. Madai yafikishwe ndani ya miezi kumi na miwili.

Ajali ya barabarani vilevile. Kila chombo cha moto kinatakiwa kuwa na bima kwa ajili ya watu wengine. Kitu cha kwanza baada ya majeruhi kushughulikiwa ni kupiga picha namba ya usajili ya gari au bodaboda, kwa kuwa kwa namba hiyo bima yake inaweza kuhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima. Fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe na ndugu huku mgonjwa akiendelea kutibiwa. Tatizo letu tunamalizana na dereva pale pale kwa elfu hamsini, kesho mguu umevimba na dereva simu haipatikani.

Hatua ya tisa: pesa ya kuugulia, na kadi

Kibubu cha nyumbani ni kizuri ila kina mlango wazi, sherehe zote zinapitia hapo. Kilichotufaa sisi ni mfuko wa jamii wa kikoba chetu: wanawake ishirini, elfu moja kila wiki kando ya hisa, na pesa ile haitoki kwa kingine isipokuwa mwanachama au mtoto wake amelazwa au amefiwa. Mweka hazina anatuma ndani ya saa moja kwa simu. Tuliandika kiwango cha juu cha kila mmoja kwa mwaka, maana bila hivyo mgonjwa mmoja anaumaliza mfuko na wengine wanakata tamaa.

Kuhusu kadi yenyewe, fanya hesabu. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa Dar ilikuwa shilingi 150,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na 40,000 kwa mtu mmoja. Kwa kaya, ni kama 2,900 kwa wiki, na ya mwaka mzima ni pungufu ya ile bili yangu ya usiku mmoja. Sheria mpya ya bima kwa wote inabadilisha mambo mengi, kwa hiyo ulizia ofisi ya mtaa au kituo cha afya ni mpango gani unaandikisha sasa na kwa kiasi gani. Uliza mambo matatu: inatibu hadi ngazi ipi, dawa ikiwa O/S inakuwaje, na kipindi cha kusubiri ni siku ngapi. La mwisho ndilo linalowaumiza wengi, kwa sababu kadi za hiari kwa kawaida hazianzi kazi siku unayolipia. Mtu anaikimbilia mke akiwa na mimba ya miezi minane au mzee ameshaandikiwa upasuaji, akifika dirishani anaambiwa arudi baada ya muda uliowekwa.

Mimi na wenzangu watatu wa kikoba tunaweka elfu tatu tatu za kadi kila Ijumaa kwa mweka hazina, na risiti zinaingia kwenye ile bahasha ya kaki.